Je, ni adabu kumtunza kwa fedha mwimbaji wa gitaa moja akiwa katikati ya wimbo?

Karani wa Isevya ameuliza:

Ndugu zangu wa Tabora na wapenzi wa muziki popote mlipo, nawasalimu. Nina jambo ninalohitaji kulijua kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, nami nimeona ni heri niulize kuliko kubahatisha mbele ya mtu ninayemheshimu.

Kuna dada mmoja anayetunga na kuimba nyimbo zake mwenyewe, ambaye nimemsikiliza kwa miaka sita. Ni msanii huru kwa maana kamili ya neno hilo: hana kampuni iliyomfunga kwa mkataba, hana meneja, hurekodi chumbani kwa rafiki yake na kuziweka nyimbo mtandaoni kwa mkono wake. Redioni sijamsikia hata mara moja. Sasa amealikwa Tabora na vijana wachache wanaompenda kama ninavyompenda mimi, na ataimba katika ukumbi mdogo wa nyumba ya wageni iliyo karibu na stesheni ya reli. Viti ni sitini tu, kiingilio ni shilingi 10,000, na tiketi zote zimekwisha, ndiyo maana sitaji jina lake wala la ukumbi. Waandaaji wametuomba tusiite watu watakaofika na kurudishwa mlangoni.

Wimbo wake ninaoupenda kuliko zote unamhusu mkulima wa tumbaku anayefika sokoni na marobota yake, akapimiwa, akaandikiwa, kisha akarudi nyumbani na karatasi badala ya fedha aliyoitarajia, kwa sababu deni la pembejeo limekwisha kukatwa. Ubeti wa tatu unamgeukia karani aliyeiandika karatasi ile na kumwuliza kama alimtazama mwenye jasho usoni alipokuwa akijumlisha. Mimi ni karani. Kila msimu wa masoko huandika hesabu za wakulima katika chama cha msingi cha ushirika upande wa Urambo, na mara ya kwanza kuusikia ubeti huo nilikuwa ndani ya basi nikirudi mjini, nikauzima kabla haujaisha. Kesho yake niliufungua tena. Tangu msimu ule humsomea kila mkulima makato yake kwa sauti, moja baada ya jingine, mbolea, mbegu, dawa, kamba za kufungia na ushuru, kabla hajatia sahihi au dole gumba. Hakuna aliyeniagiza kufanya hivyo isipokuwa wimbo huo.

Nimewahi kwenda kwenye matamasha ya uwanjani, na nimehudhuria harusi nyingi zenye taarabu, ambako kumtunza mwimbaji ni jambo la kawaida na wala halimshangazi mtu. Lakini sijawahi kukaa hatua tano kutoka kwa mtu anayeimba peke yake na gitaa kavu, lisilo la umeme. Je, nikitaka kumtunza, niinuke wakati gani? Je, ni ruhusa kuimba naye? Je, nikimrekodi kwa simu nitakuwa nimemkosea? Na je, ni sawa baada ya onyesho kumweleza habari hii ya ukarani wangu, au ni kumtwisha mtu mzigo asiouomba?

---

Mzee wa Ng'ambo amejibu:

Mwangaluka, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa kuwa si vijana wengi wanaouliza kabla ya kuingia ukumbini.

Mji wetu huu umezoea kusikiliza. Reli ilifika hapa mwaka 1912, na baadaye njia ikagawanyika, moja kwenda Kigoma na nyingine Mwanza, hivyo kila mwenye ala aliyesafiri kwa treni alilala Tabora. Nilipokuwa mtoto, bendi ya Kiko Kids ya Salum Zahoro ndiyo iliyokuwa ikitajwa majumbani. Nilipokuwa kijana, ilikuwa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Marehemu Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma, aliyefariki mwaka 2014, aliimba na Tabora Jazz, na sisi tuliomsikia hatukuhitaji kuambiwa kwamba wimbo mzuri huanza na maneno.

Sasa sikiliza, maana jibu la swali lako limo katika namna wimbo ulivyojengwa. Wimbo wa dansi wa siku zetu ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza mwimbaji alieleza kisa chake polepole, na wachezaji walicheza kwa kujizuia ili wasikie. Kisha lilikuja chemko, magitaa yakachukua uwanja, maneno yakapungua na kubaki kiitikio tu. Mtu mwenye adabu alimtunza mwimbaji kwenye chemko, kwa sababu wakati huo kinywa chake kilikuwa kimepumzika. Aliyeinuka wakati wa maneno alivutwa shati na wenzake.

Taarabu ina kanuni nyingine, nawe usiichanganye na hii. Kule mtunzaji hutembea kwenda mbele katika ubeti uleule uliomgusa, na kila aliyemo ukumbini husoma ujumbe wake: huyu amesema jambo hili ni lake, au ni la yule aliyekaa pale. Fedha ile ni sehemu ya mazungumzo. Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, alikuwa pia akiimba nyumbani kwake katika Ng'ambo ya Unguja, watu wakijaa usiku kumsikiliza, na mashairi yake yalizungumza habari za mtaa waliokuwa wakiishi. Ninaitaja Ng'ambo ile kwa mapenzi, kwa kuwa nami ni mtu wa Ng'ambo, ingawa yetu ni ya Tabora.

Dada yako wa gitaa moja hana bendi ya kumpokea. Akinyamaza, wimbo umenyamaza. Kwa hiyo mimi ningesubiri wimbo uishe, makofi yapungue, ndipo niinuke na kumpa mkononi au kuweka mahali alipotenga, bila kubandika noti kwenye paji la uso wake. Jambo la kubandika noti usoni sijalipenda tangu ujana wangu na sitalipenda sasa.

Habari ya ukarani wako mweleze. Wenzetu Wasukuma humwita mtunzi wa namna hiyo ningi, na ningi hutunga kwa ajili ya watu waliomo ndani ya wimbo. Wewe umo.

---

Mpiga Gitaa wa Kanyenye amejibu:

Shikamoo, Mzee wa Ng'ambo. Ndugu Karani, nami naimba na gitaa kavu, lile ambalo wazee huliita galatoni, katika mikusanyiko midogo hapa mjini na Nzega, hivyo nitakueleza jambo hili lilivyo kwa aliyekaa upande wa pili.

Anayepiga gitaa na kuimba peke yake hutumia mikono yote miwili na pumzi yake yote. Dole gumba la mkono wa kuume linapiga nyuzi nene na kushika mwendo, vidole vingine vinapiga sauti ya juu, mkono wa kushoto unabana, na kichwani kuna mstari unaokuja. Mtu akinisogelea kwa hatua moja katikati ya ubeti, macho yangu hayana budi kumwangalia, na mstari unaofuata huwa tayari umekwisha kuponyoka. Siwezi kuipokea noti kwa sababu sina mkono. Mara mbili nimewahi kutiwa noti katika tundu la gitaa. Aliyefanya hivyo alikuwa na moyo mwema, lakini karatasi ikiwa ndani ya gitaa hutetemeka na kutoa mkwaruzo kila unapopiga uzi mnene, na huwezi kuitoa bila kulegeza nyuzi au kuligeuza gitaa na kulitikisa mbele za watu.

Hata hivyo nakuomba, na ninawaomba wote watakaosoma hapa, msichukue maneno yangu kuwa sababu ya kutotunza. Hebu tupige hesabu. Viti sitini kwa 10,000 ni shilingi 600,000 ikiwa hakuna aliyeingia bure. Humo mna kodi ya ukumbi, spika za kukodi na mtu wa kuziendesha, mafuta ya jenereta ya akiba, nauli ya msanii kuja na kurudi, chumba chake cha usiku mbili na chakula chake. Kinachobaki, kama kinabaki, ndicho malipo ya wimbo alioukalia miezi mitatu. Mtandaoni anayesikilizwa na watu elfu kadhaa hupata fedha ambayo haitoshi kununua seti ya nyuzi kila mwezi. Kwa msanii huru tunzo ya ukumbini si pambo. Waombeni waandaaji waweke kikapu pembeni ya jukwaa, mahali pa kufikika bila kupita mbele yake, na wamwulize kama ana nyimbo za kuuza kwenye flashi. Ukinunua flashi umemtunza na umeondoka na kitu.

Kuhusu simu, sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtumbuizaji pia, si mtunzi peke yake. Kurekodi onyesho lake ambalo halijarekodiwa ni jambo la idhini yake. Lakini kuna sababu iliyo karibu zaidi na moyo kuliko sheria. Katika ukumbi mdogo ndipo tunapojaribu nyimbo ambazo hazijakomaa. Nikiziona simu ishirini zimeinuliwa, wimbo mpya naurudisha mfukoni na kuimba zile za zamani, na ninyi mnakuwa mmepoteza kitu mlichokuwa mmekilipia. Muulize kabla hajaanza, au umsubiri aseme.

Na la mwisho, ukitaka kumweleza habari yako, ngoja alitie gitaa kwenye mfuko wake na anywe maji kwanza. Kisha sema kwa sentensi mbili au tatu, ukianzia na jambo lenyewe. Mtu anayetunga peke yake chumbani hajui wimbo wake umefika wapi, na wengi hutuambia tu kwamba tumeimba vizuri. Wewe una habari ya wimbo uliobadilisha mwenendo wa meza moja ya hesabu kule Urambo. Usirudi nayo nyumbani.

---

Mama wa Cheyo amejibu:

Nawaheshimu sana waliotangulia, lakini nina neno la kupinga, kwa sababu naona tunaelekea kumfundisha kijana huyu kukaa kama mtahiniwa.

Sisi hatukulelewa kusikiliza kimya. Bibi yangu alipoimba akitwanga, aliyekuwa karibu aliitikia, na asipoitikiwa alinyamaza akidhani amewaudhi waliomo nyumbani. Katika ngoma ya manyanga hakuna anayesimama pembeni akiwa amefunga mikono. Mwimbaji anayekabiliwa na nyuso sitini zisizotikisika huanza kujiuliza kama kosa liko kwake, hasa aliyetoka mbali na asiyetujua. Kwa hiyo itikia, mwanangu. Kiitikio kimetungwa kwa ajili yako, naye amekiacha chepesi kwa makusudi ili ukidake hata kama ni mara yako ya kwanza kukisikia. Ubeti mwachie, maana humo ndimo anamoeleza, na anaweza kubadili neno usiku huohuo, wewe ukawa unamfunika kwa neno la zamani. Kigelegele kikikujia, kitoe mstari ukishakamilika. Na kama umeguswa hata machozi yakatoka, yaache yatoke. Ukumbi mdogo unaruhusu hilo kuliko uwanja wa mpira.

---

Fundi Mitambo amejibu:

Ndugu, mimi nitasema juu ya kiti chako tu. Usikimbilie mstari wa mbele kabisa, kwa maana hapo utakuwa nyuma ya spika na utaisikia sauti ya gitaa bila maneno. Katika ukumbi wa watu sitini, mstari wa tatu, katikati, ndipo sauti ya kinywa na ya spika hukutana. Epuka ukuta wa saruji ulio wazi, kwa kuwa hurudisha sauti na kuyavuruga maneno, na epuka kukaa chini ya feni. Ukiweza kuzungumza na waandaaji, waambie wazime feni iliyo karibu na maiki wakati wa nyimbo za taratibu, na wasipandishe sauti kupita kiasi, kwani gitaa kavu likiwekwa karibu na spika hurudisha sauti yake yenyewe na spika hupiga filimbi.

Jambo linalonitia wasiwasi ni paa. Ni Novemba, mvua zimeanza, na kumbi nyingi za pale stesheni zimeezekwa kwa mabati yasiyo na dari. Mvua kubwa ikinyesha juu ya mabati hakuna mtambo utakaoishinda katika ukumbi mdogo. Ukipandisha sauti unapandisha kelele tu. Mwambieni dada asipambane nayo. Anyamaze, angoje.

---

Karani wa Isevya amejibu:

Shikamooni wazee wangu, na asanteni nyote. Nimewapelekea waandaaji habari ya kikapu, ya feni na ya mvua. Wamekubali yote. Nitarudi kuwaeleza.

---

Karani wa Isevya amejibu:

Nimerudi kama nilivyoahidi. Onyesho lilikuwa juzi, na nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka nieleze bila kuchanganya.

Nilikaa mstari wa tatu. Alipopiga nyuzi za kwanza nilitambua kwamba kwa miaka sita nilikuwa nimeusikia nusu tu ya muziki wake. Simu yangu haina uwezo wa kutoa sauti nene, nami huwa nasikiliza ndani ya basi lenye kelele. Kumbe dole gumba lake lina wimbo wake chini ya wimbo, unaotembea pole kama mtu anayefuata nyuma kwa miguu. Nilisikia vidole vikiteleza juu ya nyuzi anapobadili mahali pa kubana. Nilimsikia akivuta pumzi kabla ya mstari mrefu, na mara nikaona kwamba sisi sote, bila kupatana, tulikuwa tukivuta pumzi pamoja naye. Sauti yake ni nzito kuliko nilivyodhani, na huimba maneno ya mwisho wa mstari kwa upole sana, kiasi kwamba kwenye simu nilikuwa nikifikiri ameyameza. Hakuyameza. Yalikuwa yote, na mawili kati yake nilikuwa nikiyaimba vibaya muda wote huu.

Watu waliitikia. Mama wa Cheyo, ulisema kweli. Katika wimbo wa pili alitufundisha kiitikio cha maneno manne, akakiacha mikononi mwetu, akainama juu ya gitaa na kupiga bila kuimba, nasi tukakishika kwa dakika nzima. Mzee mmoja wa makamo alisimama katikati ya ubeti wa wimbo wa tatu akiwa na noti ya 2,000 na kuanza kwenda mbele. Nilishikwa na hofu kwa niaba ya dada yule, nikikumbuka habari ya tundu la gitaa. Yeye alimwona, akamwonyesha kikapu kwa kidevu pasipo kukatisha mstari, na yule mzee akaweka noti yake, akainama kidogo, akarudi kwenye kiti. Jambo likaishia hapo. Nadhani walielewana vizuri kuliko nilivyoweza kuwaelewa mimi.

Wimbo wa tumbaku ulikuwa wa tano. Alikuwa ameanza ubeti wa pili mvua ilipopiga mabati. Ilianza kwa kishindo, siyo matone, na kwa nukta chache tulikuwa tukiona mdomo wake ukicheza na hatusikii kitu. Aliimba mstari mmoja zaidi, akacheka, akaweka kiganja juu ya nyuzi na kunyamaza, kama Fundi Mitambo alivyoshauri. Tukangoja. Nusu saa au zaidi kidogo ilipita, na wala hakuna aliyetoka. Hatimaye alishuka jukwaani na kiti chake, akakiweka mbele ya mstari wa kwanza, nasi tukasogeza viti vyetu kumzunguka, maana ili kusikilizana ilibidi watu wakaribiane kama wanaota moto. Aliuliza, kwa sauti ya juu ili ashinde mabati, ni nani kati yetu anayelima tumbaku. Mikono sita au saba iliinuliwa. Mimi silimi, hivyo sikuinua. Lakini nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na kabla sijafikiri nilisema, "Mimi ni karani."

Nilikuwa nimejiandalia sentensi tatu kama nilivyofundishwa, kwa ajili ya baada ya onyesho. Sikuzitumia. Nilisema tu kwamba humsomea kila mtu makato yake kwa sauti, na kwamba nilianza kwa sababu ya ubeti wake wa tatu. Hakujibu kitu kwa muda. Kisha aliniomba niyasome, pale pale, kama ninavyoyasoma mezani, nami nikayasoma kwa mpangilio wake, na wakulima waliokuwepo wakayamalizia pamoja nami kwa sababu wanayajua. Akauliza kama ameimba sawa. Ilinibidi niseme ukweli, kwamba katika wimbo wake karani ndiye anayemshusha mkulima, ilhali karani huandika tu. Bei huamuliwa na daraja, na daraja hupangwa na mteuzi anayepita kati ya marobota na kulitazama jani. Jani lilelile likishuka daraja moja, msimu mzima umeshuka. Mkulima mmoja kutoka Sikonge aliongeza kwamba robota likirudishwa kwa kukosa daraja, nauli ya kulirudisha ni yake. Dada alisema kisa kile alisimuliwa na mjomba wake, naye mjomba alikuwa amemkasirikia karani kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele ya macho yake. Hakuomba radhi kwa ajili ya wimbo, nami sikutaka aombe.

Mvua ilipopungua aliuanza upya, akiwa palepale katikati yetu, bila maiki. Alirekebisha nyuzi kwanza, maana unyevu ulikuwa umezibadili sauti. Aliimba ubeti wa tatu vilevile ulivyo, neno kwa neno, na alipofika kwenye swali la karani alinitazama usoni, nami nilimtazama. Sijui niseme nini zaidi juu ya jambo hilo. Mkulima wa Sikonge alikuwa amenishika begani.

Nilinunua flashi, nikaweka tunzo yangu katika kikapu wimbo ulipoisha, na sikuinua simu hata mara moja. Mwishoni alituambia kwamba ana wimbo mmoja ambao bado haujakamilika, unaohusu mfuga nyuki na mizinga aliyoitundika katika miombo, akatuomba tusiurekodi wala tusiyarudie maneno yake nje kabla hajauingiza studio. Waliokuwa na simu mikononi walizigeuza kifudifudi juu ya mapaja. Akauimba mara moja, akasita mahali pamoja akitafuta neno, akalipata. Mpiga Gitaa wa Kanyenye, najua utaniuliza juu yake, nawe una haki ya kuuliza, lakini hayo niliyoyasema ndiyo yote ninayoruhusiwa kuyasema.